Tunalikata Neno Wapi? Somo juu ya Silabi, Kistari na Msomaji wa Mimbarini



Katika makala hii tunaomba tuzungumzie kitu kidogo sana: kile kistari kifupi kinachowekwa mwishoni mwa mstari neno linapokosa nafasi, ili nusu ya neno ibaki juu na nusu ishuke chini. Hatukupanga kuandika juu yake. Sisi tunasoma falsafa, na tulikuwa tumejiandaa kuwaletea mada nyingine. Lakini likizo iliyopita, tukiwa katika kazi za kichungaji huku Kibimba, wilayani Ngara, kistari hicho kilitutia aibu, na zaidi ya hapo kilimuumiza mtu tunayemheshimu. Kosa lilikuwa letu. Ndiyo maana tumeona tulitafute chanzo chake, tujifunze, na tuwashirikishe nanyi.

Tukio lenyewe

Katika kigango tulichopangiwa yupo katekista mzee, ambaye ameongoza ibada za Jumapili kwa miaka mingi. Macho yake yamechoka. Tulipokwenda kumpa shikamoo nyumbani kwake tulimkuta ameketi mlangoni, kitabu cha masomo amekielekeza kwenye mwanga, akikisogeza mbele na nyuma kama mtu anayetafuta sindano. Tukamwambia, "Mzee, tutakuchapia masomo ya Jumapili kwa herufi kubwa." Akafurahi sana.

Tulichapa usiku ule ule. Kwa kuwa tulitaka kazi ipendeze, tulipanga maandishi katika safu mbili kama gazeti, tukanyoosha kingo zote mbili, kushoto na kulia, na tukaiachia kompyuta ikate maneno yenyewe. Karatasi ilitoka safi. Tulijisifu.

Jumapili hapakuwa na Padre, hivyo mzee aliongoza Ibada ya Neno. Herufi aliziona vizuri. Lakini kila baada ya mistari miwili alisimama. Akasema "nyum", akangoja, akashuka chini, akasema "bani". Akasema "wanakon", akangoja, akamalizia "doo". Kisha akafika mahali ambapo Bwana anawahurumia wagonjwa. Neno "aliwaponya" liliangukia mwisho kabisa wa safu ya kwanza, na kompyuta ilikuwa imelikata hivi: "aliwapo-" chini ya safu ya kwanza, na kipande kilichobaki juu ya safu ya pili. Mzee akasoma "aliwapo", akashusha sauti kama mtu aliyefika mwisho wa sentensi. Akapandisha macho juu ya safu ya pili, akaanza upya kwa sauti kubwa na kile kipande, ambacho kikisimama peke yake hakitamkwi mbele ya wakubwa, sembuse mimbarini. Watoto waliokaa mbele wakacheka. Wanakwaya wakainamisha vichwa. Mzee alisoma hadi mwisho, hakuruka hata neno.

Baada ya ibada tulimfuata kumwomba radhi. Hakutugombeza. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akasema, "Wanangu, herufi nimeziona, Mungu awabariki. Ila maneno mmeyakatakata kama nyama ya kugawana." Jumapili iliyofuata alimwachia binti mmoja wa sekondari asome. Tukasikia kwamba alikuwa anafikiri kuacha kabisa kusoma mbele ya watu.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba jambo hili si dogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, unatufundisha kwamba Maandiko Matakatifu yanaposomwa katika Kanisa, ni Kristo mwenyewe anayesema. Sasa kama ni yeye anayesema, ni nani aliyetupa ruhusa ya kumkatiza katikati ya neno?

Silabi ni nini?

Neno "silabi" limetoka katika Kigiriki, na maana yake ya asili ni "vilivyoshikwa pamoja". Ni sauti zinazotoka kwa pigo moja. Ukitaka kuzihesabu, weka kiganja chini ya kidevu utamke neno polepole. Kwa kawaida kidevu hushuka mara moja kwa kila irabu: ba-ba, ki-ta-bu, pa-ro-ki-a.

Wenzetu wanaosoma falsafa watakumbuka kwamba Aristotle aliitumia silabi kuelezea jambo zito. Katika kitabu cha saba cha Metafizikia, sura ya 17, anasema silabi "ba" siyo tu herufi "b" na herufi "a" zilizorundikwa. Ukizitenganisha, herufi zote mbili bado zipo, lakini silabi haipo tena. Kwa hiyo silabi ina kitu cha ziada kinachoziunganisha sehemu zake na kuzifanya ziwe kitu kimoja. Mtakatifu Thomaso wa Akwino, aliyeandika ufafanuzi wa kitabu hicho, alilichukua wazo hilo kwa uzito wote.

Tulipoisoma hoja hiyo darasani tuliiona ya mbali. Huku Kibimba tuliiona kwa macho. Herufi zote za "aliwaponya" zilikuwepo kwenye karatasi yetu, hakuna iliyopotea. Kilichopotea ni neno.

Kiswahili kinavyogawanya

Kiswahili kina utaratibu mzuri sana. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Tuzitazame moja moja.

Kwanza, irabu peke yake inaweza kuwa silabi: u-a, o-a, ka-a. Neno "kaa" lina silabi mbili, si moja.

Pili, konsonanti na irabu: ba-ba, ma-ma, sa-la.

Tatu, konsonanti ikifuatwa na "w" au "y" na irabu: bwa-na, mwa-na, vye-ma.

Nne, "m" au "n" ikishikamana na konsonanti inayofuata: nyu-mba, Mu-ngu, ko-ndo-o, i-nji-li. Hapa ndipo kompyuta yetu ilipokosea. Ilikata "nyum-bani" na "wanakon-doo", kana kwamba ni maneno ya Kiingereza. Kwa Kiswahili, "mb" na "nd" katika maneno haya ni sauti moja, na zote mbili huenda na silabi inayofuata: nyu-mba-ni, wa-na-ko-ndo-o. Vivyo hivyo "ng'" yenye ritifaa yake haitenganishwi: ng'o-mbe.

Tano, "m" na mara chache "n" zinaweza kusimama zenyewe kama silabi kamili bila irabu: m-tu, m-ke, m-sa-la-ba, n-chi, n-ne, n-ta. Salamu yetu "Tumsifu" ina silabi nne, siyo tatu: tu-m-si-fu. "Amka" ina tatu: a-m-ka, na mkazo unaangukia hiyo "m" ya katikati.

Sita, maneno tuliyoyapokea kutoka lugha nyingine wakati mwingine yana silabi inayoishia kwa konsonanti: lab-da, Al-ha-mi-si. Katika maneno kama "askofu" na "Ekaristi" utakuta wengine wanagawa as-ko-fu na wengine a-sko-fu, wengine E-ka-ris-ti na wengine E-ka-ri-sti. Yote mawili yanaonekana katika vitabu. Muhimu ni kushika njia moja katika kazi moja.

Kwa nini tuhangaike na hesabu hii? Kwa sababu mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama "barabara" lenye maana ya "sawasawa". Ukikosea kugawa silabi, unakosea mkazo. Ukikosea mkazo, msikilizaji anapotea.

Washairi wetu wanalijua hilo tangu zamani. Kipande cha utenzi kwa kawaida kina mizani 8, na mizani ni silabi hizo hizo. Hayati Mathias Mnyampala, mshairi Mkatoliki wa Dodoma aliyezitia Zaburi na Injili katika tenzi, alipaswa kuhesabu "m-tu" kama mizani mbili. Angehesabu moja, kipande kingepungua.

Hiyo "m" na sisi watu wa Ngara

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Wengi wetu katika Jimbo la Rulenge-Ngara tulianza kusema Kihangaza, Kisubi au lugha nyingine za kwetu kabla ya Kiswahili. Kwa Kihangaza mtu ni "umuntu": u-mu-ntu. Jirani zetu Wahaya husema "omuntu". Katika lugha hizi ile "mu" ina irabu yake. Kiswahili nacho kilikuwa na "mu" hapo kale, lakini "u" ikadondoka, na "m" ikabaki peke yake ikishika nafasi ya silabi nzima. Ndiyo maana wazee wetu wengine husoma "mutu" na "mutakatifu". Tusiwacheke. Wanairudisha irabu iliyodondoka, na idadi ya silabi wanaipata sawasawa: mu-ta-ka-ti-fu ni tano, m-ta-ka-ti-fu ni tano.

Kosa kubwa zaidi ni letu sisi vijana tunaosoma haraka, tunaoimeza "m" kabisa, tukasema "takatifu" pale palipoandikwa "Mtakatifu".

Tena "m" ikikutana na "b" inahitaji akili. Chukueni neno "mbuni". Mbuni yule ndege mkubwa asiyeruka ni silabi mbili: mbu-ni. Mbuni wa kahawa, ule mti unaotuletea ada za shule hapa Kagera, ni silabi tatu: m-bu-ni, kwa sababu wingi wake ni mibuni na "m" ni kiambishi. Mbuni anayebuni majengo naye ni m-bu-ni, na wingi wake wabuni. Herufi ni zile zile, mgawanyo ni tofauti. Ndivyo ilivyo pia kwa "mbaya": mtu m-ba-ya, lakini nyumba mba-ya. Kanuni ya kukumbuka ni hii: kama "m" ni kiambishi cha mtu, cha mti au cha mtendwa, isimame peke yake, kama imezaliwa pamoja na "b" katika neno, isitenganishwe.

Kiingereza kinavyogawanya

Sasa tuje kwenye Kiingereza, maana sisi waseminari tunaandika insha zetu kwa lugha hiyo, na wanafunzi wa sekondari parokiani hutuuliza mara kwa mara. Kiingereza hakina utaratibu mnyoofu kama wetu. Hata hivyo kina kanuni, nazo si nyingi.

1. Neno lenye silabi moja halikatwi hata likiwa refu. "Strength" lina herufi 8 na silabi moja tu. "Through", "walked" na "loved" vilevile. Sisi Waswahili tunaona "-ed" tukaihesabu. Mwingereza haihesabu, isipokuwa baada ya "t" au "d", kama "wanted". Neno "blessed" lina mambo mawili: Padre akibariki watu, kitendo hicho kwa Kiingereza ni silabi moja, lakini tunapoitaja Sakramenti Takatifu kwa Kiingereza, neno hilo hilo hutamkwa kwa silabi mbili, "bless-ed".

2. Usiache herufi moja peke yake juu wala chini. "About" na "even" zina silabi mbili kila moja, lakini hazikatwi, kwa sababu "a-" au "e-" ingebaki yatima.

3. Irabu fupi hufungwa na konsonanti, irabu ndefu huachwa wazi: "hab-it", lakini "mo-ment", "proph-et", lakini "stu-dent".

4. Konsonanti mbili zinazofanana hutenganishwa: "let-ter", "run-ning". Lakini kama neno la asili lilikuwa nazo mbili tayari, zibaki pamoja: "bless-ing", "call-ing".

5. Herufi mbili zinazotoa sauti moja, kama "th", "ph" na "ch", hazitenganishwi: "fa-ther", "teach-er".

6. Kiambishi cha mwanzo au cha mwisho ni mahali pazuri pa kukatia: "un-happy", "good-ness", "salva-tion".

7. Neno ambalo tayari lina kistari chake, kama "self-evident", likatwe kwenye kistari hicho tu. Usiliongezee kingine.

Ugumu wa kweli upo kwenye mkazo. Kwa Kiingereza mkazo huhama, na ukihama unabeba mpaka wa silabi pamoja nao. Tazameni "record". Likiwa jina la kitu, kumbukumbu, hugawanywa "rec-ord". Likiwa kitendo, kurekodi, hugawanywa "re-cord". Vivyo hivyo "pres-ent" ni zawadi, na "pre-sent" ni kutoa au kuwasilisha. Huwezi kujua pa kukata kabla hujaelewa sentensi.

Somo letu lenyewe linatupa mfano. Kwa desturi ya kamusi za Marekani falsafa ni "phi-los-o-phy", lakini kivumishi chake ni "phil-o-soph-i-cal". Herufi za mwanzo ni zile zile, ila mkazo umehama, na kisu kimehama nao.

Waingereza na Wamarekani hawakubaliani hata wao kwa wao. Noah Webster wa Marekani, aliyetoa kitabu chake cha kufundishia tahajia mwaka 1783 na kamusi yake kubwa mwaka 1828, alitaka neno ligawanywe kama linavyosikika. Desturi ya zamani ya Uingereza ilipenda kutazama asili ya neno. Ndiyo maana Mmarekani hukata "knowl-edge", kwa sababu ndivyo sikio linavyosikia, na Mwingereza hukata "know-ledge", kwa sababu ndani yake limo neno la kujua. Mmarekani hukata "theol-ogy", Mwingereza wa mtindo wa zamani hukata "theo-logy" ili aonyeshe Mungu upande mmoja na elimu upande wa pili. Mwanafunzi asiogope. Achague kamusi moja, aifuate mpaka mwisho wa insha.

Kompyuta ilijifunzia wapi?

Tulijiuliza: ile kompyuta iliyomkatia mzee wetu maneno ilipata wapi ujasiri huo? Jibu ni kwamba ilifundishwa Kiingereza.

Mwaka 1983, Franklin Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliandika tasnifu juu ya namna ya kuifundisha kompyuta kukata maneno. Hakuipa kamusi nzima. Aliipa vipande 4,447 vya mfuatano wa herufi, kila kimoja kikisema hapa ruhusa kukata au hapa marufuku. Kwa vipande hivyo kompyuta iliweza kupata 89% ya sehemu za kukatia zilizoonyeshwa katika kamusi ndogo aliyoitumia. Kando yake ikawekwa orodha ya maneno 14 ya pekee. Miongoni mwa hayo 14 yamo "present" na "project", na agizo lake ni kwamba yasikatwe kabisa. Sababu mmeshaiona: mashine huona herufi tu, haiwezi kujua kama mwandishi anasema juu ya zawadi au juu ya kuwasilisha. Waliotengeneza utaratibu huo walikuwa na unyenyekevu wa kuiambia mashine: usipojua, nyamaza.

Programu za kuandikia tunazotumia nazo hukata maneno kwa kufuata lugha ambayo maandishi yamewekewa. Ukichapa Kiswahili huku programu ikiamini ni Kiingereza, itakata kwa sheria za Kiingereza. Ndipo tunapopata "nyum-bani". Sisi hatukuiambia ni lugha gani. Mashine haikukosea; ilitii.

Lakini tukiri jambo moja zaidi. Lile neno "aliwaponya", kwa sheria ya silabi, mashine ililikata mahali halali kabisa: a-li-wa-po-nya. Mpaka wa silabi upo pale pale ilipokata. Kwa hiyo kufuata silabi ni lazima, lakini hakutoshi. Inabidi pia kutazama vipande vinavyobaki vinasema nini vikisimama peke yake. Waingereza nao wana shida hiyo: "legend", yaani hadithi ya kale, hugawanywa "leg-end", na msomaji anajikuta ana mguu mstari wa juu na mwisho mstari wa chini. Kama ni lazima kukata "aliwaponya", mahali salama ni kabla ya mzizi: "aliwa-ponya". Hapo kitendo cha Bwana kinabaki kizima.

Kwaya je?

Watunzi wa nyimbo wana kazi ngumu kuliko wachapaji, kwa sababu wao hukata kila neno, silabi baada ya silabi, na kuiweka kila moja chini ya noti yake. "Bwa-na u-tu-hu-ru-mi-e" ni silabi 8, wakati "Ky-ri-e e-le-i-son" ni 7. Ukichukua muziki uliotungwa kwa maneno ya Kigiriki au Kilatini na kuutia Kiswahili bila kuhesabu, silabi moja itakosa kiti.

Tena "m" inayosimama peke yake haiimbiki kwa mdomo wazi. Mtunzi akiiwekea noti ndefu ya juu, kwaya itaguna badala ya kuimba. Na akiunyima mkazo nafasi yake, akaweka pigo zito kwenye silabi ya mwisho, waamini watasikia neno geni. Tunawaomba walimu wa kwaya, kabla ya kugawa nakala, wasome maneno kwa sauti bila muziki mara moja. Makosa mengi hujitokeza hapo.

Basi tufanye nini?

Tumejiwekea taratibu hizi, nanyi tunawakaribisha kuzijaribu katika vigango na jumuiya zenu:

1. Karatasi ya kusomea mbele ya watu isikatwe maneno kabisa. Nyoosha ukingo wa kushoto tu, wa kulia uache ulivyo. Haupendezi kama gazeti, lakini msomaji hasomi gazeti.

2. Usitumie safu mbili. Tumia safu moja, herufi kubwa, na nafasi ya kutosha kati ya mistari.

3. Maliza mstari pale msomaji anapopumua. Hili si jambo jipya. Mtakatifu Hieronimo, alipotafsiri manabii Isaya na Ezekieli, aliipanga mistari kwa kufuata mafungu ya maana ili kuwasaidia wasomaji.

4. Katika barua, matangazo na insha, ambako kukata kunaruhusiwa, fuata silabi, ulinde mzizi wa neno, usiache silabi ya herufi moja peke yake, na usikate majina matakatifu wala majina ya watu.

5. Iambie kompyuta lugha unayoandika. Kama haina Kiswahili, izuie isikate.

6. Kabla ya kumpa mtu karatasi, isome wewe kwa sauti. Sisi hatukufanya hivyo. Dakika tano zingetosha.

Mazoezi

Gawanya kwa silabi: hamjambo, nchi, mwanakondoo, mbaya (tukisema juu ya mtoto), mbaya (tukisema juu ya njia). Kisha sema ni lipi kati ya maneno haya ya Kiingereza lisilokatwa, na kwa nini: "prayed", "father", "even", "blessing".

Majibu: ha-m-ja-mbo, n-chi, mwa-na-ko-ndo-o, m-ba-ya, mba-ya. "Prayed" halikatwi kwa kuwa ni silabi moja. "Even" halikatwi kwa kuwa herufi moja ingebaki peke yake. Mengine ni "fa-ther" na "bless-ing".

Mwisho

Kabla ya kurudi seminari tulichapa masomo upya, safu moja, bila kistari hata kimoja, kila mstari ukiishia kwenye pumzi. Tulimpelekea mzee Ijumaa jioni. Aliishika karatasi kwenye mwanga kwa muda mrefu, akipitisha kidole ukingo wa kulia kutoka juu hadi chini, kama mtu anayepapasa makali ya panga. Mwishoni akauliza, "Hii haina visu?"

Tukamjibu, "Haina, mzee."

Jumapili alisoma mwenyewe. Alisoma polepole kama kawaida yake, na mahali pengine alisema "mutu". Hakuna aliyecheka. Alipofika mwisho akasema, kwa sauti ile ile aliyoizoea, kwamba hilo ni Neno la Bwana, na sisi tuliokuwa tumeketi nyuma tukaitikia pamoja na wengine.

Tuwaombee wasomaji na makatekista wetu wote. Na tunapowasaidia, tuwasaidie kwa namna ambayo wao wanahitaji, si kwa namna inayotupendeza sisi.

Tumsifu Yesu Kristu!